Uzi Mnene Mdomoni mwa Mzinga

Muuza nyama humjua mwenye meno, na mshona nguo humjua mwenye macho. Ndivyo fundi cherehani wa karakana ya vifaru vya jeshi alivyozijua habari za jicho la shemeji yake kabla ya daktari yeyote, na kabla ya mwenye jicho kukubali.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa karakana: dirisha moja, cherehani mbili, na kiti kimoja cha mgeni. Kazi yake ilikuwa kushona kila kisicho chuma. Vifuniko vya turubai, matakia ya viti vya ndani ya vifaru, mifuko ya zana, na yale mapazia makubwa ya shabaha ambayo wenzake huyatoboa naye huyatia viraka. Alizoea kusema kwamba jeshi zima linakula kwa kutoboa, yeye peke yake anakula kwa kuziba.

Kiti cha mgeni kilikuwa na mwenyewe, naye ni huyo shemeji, mume wa marehemu mdogo wake. Alikuwa mkufunzi wa wapiga mzinga, na watu walimwita Mwewe tangu ujana. Inasemekana siku moja wenzake walibishana kama kile kilicho juu ya mti wa mbali ni ndege au ni tambara. Yeye akawaambia ni tambara, tena akawatajia rangi ya kiraka chake. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, na kila mwaka ule mti ulizidi kusogea mbali.

Sasa, mzinga wa kifaru haupigwi hivi hivi. Kwanza hunyooshwa. Mdomoni mwa mtutu kuna alama nne zilizochongwa. Hapo hubandikwa nyuzi mbili kwa grisi, zikapishana katikati. Kisha mtu huenda nyuma, akachungulia ndani ya mtutu wote kama anayechungulia bomba, mpaka makutano ya nyuzi yakae juu ya kitu fulani cha mbali. Halafu huhamia kwenye darubini ya kulengea, akaielekeza kwenye kitu kile kile. Mtutu na darubini vikitazama mahali pamoja, kazi imenyooka. Vikiwa kama mke na mume waliogombana, kila mmoja kageukia ukuta wake, kombora halifiki linakotumwa.

Uzi ulitoka kwa fundi, na hapo ndipo alipomshika. Zamani Mwewe alitaka uzi mweusi mwembamba, ule wa kushonea shati, na bado alilalamika kuwa ni mnene. Miaka ikapita, akaomba uzi wa suruali. Ikapita tena, akaomba uzi wa turubai. Mwaka huu alikuja, akakaa, akazungumza habari za mvua na habari za magoti, mwisho akauliza kama hakuna uzi wa viatu. Mweupe, ikiwezekana.

"Shemeji," fundi akamwambia bila kuinua uso kwenye pindo, "mwakani nikuwekee kamba ya kisima?"

Mwewe akasema nyuzi za siku hizi hazina nguvu. Fundi akamwomba basi amsaidie kutunga uzi kwenye sindano, maana mikono yake ina kazi. Mwewe akaulamba uzi, akauviringa, akaipeleka sindano mbali, akaileta karibu, akaudunga uzi hewani mara sita. Kisha akairudisha na kusema kwa heshima zote kwamba sindano hiyo imetoka kiwandani haina tundu.

Fundi hakucheka mbele yake. Alicheka alipoondoka, na kicheko kikamkatikia njiani, kwa sababu alimwona mlangoni akilisabahi koti lililotundikwa kwenye msumari. Tena akalisubiri liitikie.

Basi fundi alikuwa na neno moja tu moyoni: Mwewe afike kwa daktari wa macho kabla ukungu haujafunga kabisa. Muuguzi mmoja alishamwambia kwamba huo, kwa maelezo, ni mtoto wa jicho, na hutolewa kwa asubuhi moja. Lakini Mwewe alikuwa na jibu lake. Mpiga mzinga kuonekana kwenye foleni ya macho, alisema, ni sawa na mpishi kukutwa akila kwa jirani. Fundi alimbembeleza, akamnunia, akamtania. Mwaka mzima ulipita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wengine huumbuliwa na sindano.

Mwewe alikuwa na binti mmoja. Naye, maji hufuata mkondo, alikuwa mpiga mzinga, lakini si wa kifaru cha baba yake. Karakana ilikuwa imepokea vifaru vipya, na binti akakabidhiwa kimoja. Tangu siku hiyo nyumba yao haikuwa na chakula cha mchana bila mzinga mezani.

Mabishano yenyewe fundi aliyajua kwa moyo, kama mtu anavyojua wimbo wa jirani asioupenda. Mtutu wa baba una mifereji ndani, imejizungusha kama skrubu toka nyuma hadi mdomoni. Kombora likipita humo hutoka linazunguka kama pia, na pia inayozunguka haiyumbi. Mtutu wa binti ni laini kama glasi. Kombora lake halizunguki; lina mabawa mkiani kama mshale, na mabawa ndiyo yanayolinyoosha. Huenda mbio zaidi na hupasua bamba la chuma nene zaidi. Tena kifaru kipya kina kompyuta inayopima upepo na joto, mpigaji akabaki kubonyeza.

Baba alisema kubonyeza hata kengele ya mlango hubonyezwa. Binti akasema bora kengele, kuliko kukisia upepo kwa kulamba kidole. Baba akasema mtutu laini unaokimbiza makombora namna hiyo huchakaa upesi, utabadilishwa kama soksi. Binti akasema soksi hubadilishwa na watu safi. Baba akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Binti akasema kweli baba, kipya kinyemi ingawa kidonda. Fundi, aliyekuwa akila nao, akaomba yeyote aliyemaliza kurusha vijembe apitishe chumvi. Mwewe akampitishia sukari.

Binti na fundi, mama yake mkubwa, wakatazamana juu ya ile sukari.

Wiki hiyo ikatoka amri kwamba mizinga miwili ilinganishwe. Kila mmoja upige makombora matano kwenye pazia lake, upimwe, wapimaji waandike. Mzinga wa zamani ukionekana umechoka, ukatwe chuma chakavu; ukionekana mzima, ubaki wa kufundishia. Mkuu wa wapimaji alikuwa Meja mmoja mwembamba, anayeandika polepole kama mtu anayelipia wino.

Binti ndiye aliyeleta shauri la kuwekeana nadhiri. Mzinga wake ukishinda, baba aende kwa daktari wa macho bila neno. Mwewe alitafuna kwanza. Akauliza, na wa kwake ukishinda?

Binti akasema basi atausabahi mzinga wa baba kila asubuhi kwa mwezi mzima.

"Kwa shikamoo," Mwewe akasema. "Na kichwa kiinamishwe."

"Na nani ataitikia marahaba?"

"Mimi. Nitakuwa ndani."

Wakapeana mikono, na shahidi akawa fundi. Usiku ule alipolala aliomba, akijua si vizuri, kwamba shemeji yake ashindwe.

Siku ya kupima ilifika na jua lake. Fundi alikuwa ameshona mapazia mawili yanayofanana, mita sita kwa tatu, katikati ya kila moja msalaba mwekundu. Yalisimamishwa upande wa kulia, chini ya kilima ambacho juu yake, upande wa kushoto, yanakaa matangi ya maji ya kambi. Umbali wa mapazia na wa matangi ulikuwa mmoja, kilomita na kidogo. Pembe ya kushoto ya tangi la maji ndiyo iliyokuwa alama ya Mwewe ya kunyooshea mzinga, tangu binti yake hajaota meno.

Alinyoosha mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa uzi wake. Kifaru chake kiliegeshwa kwenye sakafu ile ile ya zege, kwenye madoa yale yale ya mafuta. Mwewe akauzungusha mtutu mpaka kwenye alama ya chaki aliyoichora mwenyewe miaka iliyopita, akabandika ule uzi wa viatu mdomoni, akachungulia nyuma, akasema naam. Akaingia kwenye darubini, akazungusha vifundo, akasema naam tena. Fundi alikuwa amesimama kando na kopo la grisi. Aliona kwamba ile naam ya pili imechelewa, lakini yeye si mpiga mzinga.

Binti alipiga kwanza. Makombora matano yalikwenda kabla wapimaji hawajamaliza kuziba masikio vizuri. Kisha akapiga Mwewe, kwa utaratibu wake, kama mtu anayegonga misumari kwenye jeneza la mfalme. La kwanza. Kimya. La pili. Watu wa karakana walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti.

Mapazia yakaletwa karakanani na kutandazwa sakafuni, na fundi akaitwa na tepu yake, maana hakuna tepu nyingine kambini isiyopotea.

Pazia la binti lilikuwa na matundu matano yenye umbo la nyota, kwa sababu ya yale mabawa. Yalikuwa yameuzunguka msalaba mwekundu, moja juu, moja chini, mengine kando, kama wageni wanaoona haya kukaa karibu na mwenye nyumba. Pazia la Mwewe lilikuwa na matundu matano ya duara. Haya yalikuwa yamesongamana. Sinia moja lingeyafunika yote na kubakiwa na ukingo. Ila yote yalikuwa kulia, mbali kabisa na msalaba. Hata moja halikuukaribia.

Meja alizunguka pazia mara mbili. Akasema, na alisema bila ubaya, kwamba mzinga wa zamani umepoteza unyoofu. Mtutu umepinda au mifereji imekwisha. Ataandika ukatwe.

Watu wa karakana wakainamisha vichwa. Hata binti, aliyekuwa ameshinda, alitazama viatu vyake. Mwewe alisimama mikono nyuma, na fundi aliujua msimamo ule. Ndivyo alivyosimama siku ya kumzika mkewe.

Fundi akapiga magoti kwenye pazia, akapima kama alivyoagizwa. Toka katikati ya msalaba hadi katikati ya kundi: mita mbili na sentimita kumi. Akaitaja namba, Meja akaiandika. Lakini fundi hakuinuka. Namba ile aliijua. Mtu anaweza kusahau sura ya mpangaji wake, lakini fundi hasahau kipimo alichokata juzi. Akafungua daftari lake la kazi, akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa mbili. Kifuniko cha turubai, tangi jipya la maji, upana mita mbili na sentimita kumi.

Alikaa hapo magotini, akipanga mambo polepole kama anayepanga vipande vya suruali kabla ya kuviunganisha. Tangi jipya lililetwa mwezi uliopita. Liliwekwa kushoto kwa lile la zamani, bega kwa bega, na yeye akalishonea kifuniko cha rangi ile ile. Kwa mtu mwenye macho ni matangi mawili. Kwa mtu anayelisabahi koti, ni tangi moja lililonenepa. Mtutu ulikwenda kwenye pembe ya tangi la zamani, kwa chaki na kwa mazoea. Darubini ikaenda kwenye pembe ya lile jipya. Mtutu na darubini vikaachana kwa upana wa tangi moja, na makombora matano yakatii hivyo hivyo, bila kosa.

Angeweza kusema pale pale, kwa sauti, mbele ya Meja na vijana wote. Hakufanya hivyo. Aliinuka, akashika kiuno, akamwambia shemeji yake amsaidie kupeleka tepu chumbani, maana ni nzito. Tepu ya kitambaa. Mwewe akamfuata.

Chumbani hakukaa kwenye kiti chake. Fundi akamwonyesha daftari, kisha akakumbuka, akamsomea. Akamwambia namba ya pazia ndiyo hii, na upana wa tangi jipya, lililoletwa mwezi uliopita, ndio huu.

"Lipi tangi jipya?" Mwewe akauliza.

Fundi alimshika mkono akampeleka dirishani. Kilima kilionekana vizuri, na juu yake matangi mawili, hata ndege mmoja amekaa katikati yake. Mwewe alitazama sana. Alikunja jicho moja, akakunja la pili.

"Mwezi mzima?" akasema.

"Mwezi na siku nne."

Alikaa sasa. Fundi akawasha cherehani akashona kitu ambacho hakikuhitaji kushonwa, ili mtu awe na sauti ya kujificha ndani yake. Alipomaliza pindo la uongo akasema, kama anayezungumza na kitambaa, kwamba yeye hana la kumwambia Meja. Yeye ni mshonaji. Lakini matundu matano chini ya sinia moja si kazi ya mzinga mchovu. Na kwa anavyoona, leo kuna kitu kimoja kibovu katika vitu viwili, na ni mtu mmoja tu anayeweza kusema ni kipi.

"Shemeji, unanitania."

"Nakutania tangu uoe. Leo sitanii."

Mwewe akasimama, akavuta shati lake vizuri. Mlangoni alilikuta lile koti, akalitazama kwa karibu, akalipita bila salamu.

Meja alikuwa bado anaandika. Alikuwa amefika mstari wa tatu. Mwewe akasimama mbele yake kama kuruti, akamwambia asimamishe kalamu. Maneno yake hayakuwa mengi, na watu wa karakana waliyarudia kwa miaka.

"Futa hapo, mkuu. Andika mzinga mzima, jicho bovu. Jicho ni langu."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akadhani ni utani, kisha akaona uso wa binti akaacha. Meja akauliza ana hakika. Mwewe akasema mzinga huo haujawahi kumdanganya, na hataki uende kukatwa kwa kosa lake. Akaomba unyooshwe upya, kwa jicho jingine. Akamgeukia binti yake, akamwambia haya, wewe mwenye macho ya kubonyeza, njoo.

Binti akapanda kifaru cha zamani kwa mara ya kwanza tangu apewe kipya. Mwewe hakuchungulia popote. Alisimama kando na kumwelekeza kwa maneno, pembe gani, ya tangi lipi, na alipofika kwenye neno "lipi" alikohoa. Binti akaomba huo uzi wa viatu utolewe, maana amechungulia mtutu mzima na hakuona ila kamba. Fundi alikuwa na uzi mwembamba mweusi tayari mfukoni. Alikuwa nao tangu asubuhi.

Pazia likasimamishwa tena, binti akapiga makombora matatu. Moja liliutoboa msalaba wenyewe, pale nyuzi nyekundu za fundi zinapokutana, na mawili yakakaa kando yake kama vifungo vya shati. Meja alikwenda kuangalia kwa miguu yake, akarudi, akachana karatasi aliyoiandika kwa taabu ile yote, akaanza nyingine. Humo aliandika kwamba mzinga mpya una kasi zaidi, unapenya bamba zaidi na ndio wa kwenda nao mbele. Na kwamba wa zamani unakusanya makombora yake karibu zaidi kuliko mpya, na ubaki kufundishia. Vijana wakauliza basi nani ameshinda. Meja akasema yeye hulinganisha mizinga, hahukumu familia.

Mabishano yalikuwa yamehamia mezani kabla chakula hakijapakuliwa. Binti alisema ameshinda yeye, kwa mbio na kwa bamba. Mwewe alisema ameshinda yeye, kwa sinia. Binti akasema lile la msalaba alilipiga yeye. Mwewe akasema kwa mzinga wa nani? Fundi aliwaacha mpaka walipoishiwa pumzi, kisha, kwa kuwa ndiye shahidi, akakata shauri: kila mmoja ameshindwa, kila mmoja atimize nadhiri. Mwewe akafungua mdomo. Fundi akamsogezea kibakuli, akamwuliza hiyo ni chumvi au sukari. Mwewe akafunga mdomo.

Alikwenda kwa daktari wiki iliyofuata. Kwenye foleni alikuta wapiga mzinga wawili wa zamani na mpishi mmoja.

Siku ya kufunguliwa bandeji, fundi na binti walikuwa kando ya kitanda. Mwewe alitazama dari kwanza, kisha dirisha, kisha binti yake, na hapo alikaa kidogo. Mwisho akamgeukia fundi, akamkagua kuanzia kilemba hadi miguu.

"Shemeji," akasema, "kumbe umezeeka hivi?"

"Hata mimi nilishangaa ulivyokuwa unanisifia," fundi akasema.

Aliporudi kazini alipita chumbani kwanza. Akakaa kwenye kiti chake, akazungumza habari za mvua, akaacha habari za magoti. Halafu akaomba uzi mweusi, ule wa kushonea shati. Fundi akamkatia pima moja. Mwewe akaunyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akausogeza karibu, akakunja uso, akasema huu nao ni mnene mno.

Nje, upande wa sakafu ya zege, mtu alisikika akisema shikamoo kwa sauti ya kulazimishwa. Mwewe akaurukia mlango, asije akakosa kuitikia.